Stesheneri ya mwembeni pale geti dogo, kwa fasti yia wote mnaoingia mwaka huu

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu moja nitakayoisema huko chini, ila nataka mjue kabisa kwamba bila hili duka mimi semista ya kwanza ningetoka na sapu, mitihani ya kurudia, si chini ya tatu, na hilo nalisema nikiwa na matokeo yangu mkononi.

Duka halina jina. Bango lipo ila jua limekula maandishi yote, imebaki picha ya mashine ya fotokopi tu, kwa hiyo ukifika Dar na ukapangiwa chuo chetu muulize bodaboda yeyote wa geti dogo stesheneri ya mwembeni, atakuonyesha, ni hatua chache, kuna mwembe mkubwa na benchi chini yake ambalo saa zote lina watu wameshika flashi. Mwenyewe tunamwita Mamdogo. Sijui nani alianza kumwita hivyo, ila kila mtu anamwamkia shikamoo Mamdogo, hadi wale wa masters ambao wengine naona wamemzidi umri, na yeye kila mtu ni mwanangu.

Ngoja nianzie nyumbani maana bila kuanzia nyumbani hamtaelewa kwa nini naandika mengi hivi kuhusu duka la kutoa kopi.

Nyumbani ni Makambako. Matokeo ya fomu siksi yalipotoka mwezi wa saba nilikuwa na div one ya pointi 7, HGL (historia, jiografia na Kiingereza), mtaa mzima ulijua. Nikaenda stesheneri moja ya huko kwetu, kijana akaniambia dada leta cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, wale wanaosajili vizazi, leta namba yako ya mtihani ya fomu foo, leta hela, nakufanyia kila kitu, chuo na mkopo, wewe nenda nyumbani kapumzike. Nikampa. Miaka sita nimekaa shule ya bweni, simu marufuku, kompyuta nilikuwa naiona kupitia dirisha la ofisi ya mkuu wa shule, sasa ningejuaje cha kuuliza? Akajaza mwenyewe. Imeili akaweka yake, namba ya simu yake, paswedi anaijua yeye. Majibu yakatoka nimechaguliwa vyuo viwili, na ukichaguliwa zaidi ya kimoja TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wanataka uthibitishe kimoja kwa kodi, ile namba ya siri unayotumiwa kwenye meseji, na meseji imeenda kwenye simu ya yule kijana, na yule kijana kasafiri kwenda msibani Ludewa, simu haipatikani. Siku tatu baba anapanda bodaboda asubuhi na jioni kwenda kuangalia kama duka limefunguliwa. Siku ya nne tukampata, imebaki siku moja tu muda uishe, akatusomea kodi na akadai elfu tano ya usumbufu. Baba akatoa, hakusema neno, tukarudi nyumbani kimya njia nzima. Mimi ile safari ya kurudi bado inaniuma hadi leo.

Mkopo nao ulikuwa vilevile. Ile 30,000 ya maombi ya HESLB, bodi ya mikopo, tulilipa kwa kontroo namba, risiti tunayo, lakini akaunti yenyewe sikuwa na uwezo wa kuifungua. Nimepanda basi usiku, nimeshuka stendi ya Magufuli pale Mbezi nikiwa na begi na godoro la kukunja, na sijui nimepangiwa asilimia ngapi.

Sasa wiki ya orienteshen kila ofisi inataka kopi. Kopi ya barua ya kuchaguliwa, kopi ya vyeti, paspoti saizi nne, risiti ya bima ya afya ile ya 50,400, ukikosa kimoja unarudishwa mwisho wa foleni. Ndo nikaangukia mwembeni. Mamdogo akawa ananitolea kopi huku ananiuliza kama anavyowauliza wote, mkopo umepata? Nikamwambia sijui. Hujui kivipi mwanangu? Nikamweleza yote, msiba wa Ludewa na kila kitu. Akasimamisha mashine. Akaniambia nenda dawati la mikopo pale utawala na kitambulisho chako, waambie wabadilishe namba na imeili, ila kabla hujaenda kaa hapa kwanza utengeneze imeili yako. Nikamwambia basi nitengenezee Mamdogo, shilingi ngapi? Akakataa. Akanivutia kiti, akanisogezea kibodi, akawa ananielekeza kwa mdomo tu, bonyeza hapa, andika jina lako, na nilipofika kwenye paswedi akageuka akaangalia barabarani mpaka nilipomaliza. Nilichukua muda mrefu maana hata alama ya @ sikujua inatokaje, na nyuma yangu kuna foleni, na yeye kaangalia barabarani muda wote huo.

Hicho ndicho kitu cha kwanza mnachotakiwa kujua kuhusu huduma ya pale. Hakufanyii. Ukitaka mtu wa kukujazia fomu na kukutaipia, maduka mengine yapo ng'ambo ya barabara, wanachaji 1,000 kwa ukurasa na wana haraka. Kwa Mamdogo kuna kompyuta tatu za wateja, 1,000 kwa saa, unakaa unaandika mwenyewe, yeye anapita nyuma yako. Kuprinti 100, kopi 50, spairo 1,500 kwa kitu chembamba. Watu wengi siku ya kwanza wanakasirika, wanaona huyu mama mvivu anachukua hela bila kufanya kazi. Hata mimi asaimenti yangu ya kwanza nilikasirika sana.

Ilikuwa kurasa sita. Nilikuwa nimeiandika kwa mkono vizuri kabisa, mwandiko wangu ni mzuri, nimepiga mistari kwa rula, nimeweka vichwa vya habari kwa kalamu nyekundu kama tulivyozoea advansi. Mwisho wa kukusanya Ijumaa saa kumi jioni. Nikaja Alhamisi mchana nikijua namwachia, nachukua kesho. Akaangalia akasema umeandika vizuri, sasa kaa kompyuta ya pili. Nikamwambia Mamdogo sijawahi kutaipu. Akasema ndio maana nimekupa ya pili, ya tatu herufi M inagoma.

Nilikaa masaa manne na nusu. Natafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja. Ukurasa wa nne umeme ukakatika, sikuwa nimesevu, kurasa mbili zikapotea, nikalia pale pale mbele za watu. Mamdogo akanipa maji, umeme uliporudi akanionyesha Ctrl na S, akasema kila ukiweka nukta bonyeza hizo mbili, na hakuniongezea hela ya yale masaa ya kurudia. Saa mbili usiku nikaprinti. Mimi mwenyewe nimeandika, nimepanga, nimeweka namba za kurasa. Semista ilipofika mwisho kurasa sita nilikuwa naandika kwa lisaa na kitu, na sasa hivi natumia vidole vyote.

Sasa niwaambie kitu ambacho shuleni hakuna aliyetuambia, na naona ndo kinawaangusha wengi kuliko ugumu wa masomo. Shule kila kitu kina kengele. Kuamka kengele, uji kengele, prepo kengele, mwalimu wa zamu anapita na fimbo, notisi zinaandikwa ubaoni neno kwa neno, na mwalimu akimaliza topiki anakwambia hii inatoka kwenye mtihani. Chuo unaingia ukumbi wa watu mia sita, lekcha anaongea masaa mawili, slaidi zinapita, hakuna anayesema andika. Mi wiki ya kwanza nilikuwa nanakili kila neno kama naandika kutoka ubaoni, mkono unakufa ganzi, nikifika hosteli nina kurasa nne ambazo hata mwenyewe sielewi zinaanzia wapi. Na ile karatasi ya kozi autilaini nilidhani ni ratiba tu. Nimeikunja nimeiweka kwenye begi. Kumbe ile orodha ya vitabu nyuma yake ndo kazi yenyewe, unatakiwa uende laibrari ukasome kabla, na hakuna atakayekuuliza umesoma au hujasoma mpaka siku ya test.

Mwembeni kuna daftari. Counter book kubwa limefungwa kwa kamba kwenye meza ya mbele. Ma-CR, yaani wawakilishi wa darasa, wa kila kozi wakiacha hendauti (karatasi za somo za kutolea kopi) wanaandika humo, namba ya kozi, tarehe, kurasa ngapi, bei, na Mamdogo ameongeza safu moja ya mwisho anaandika kwa peni ya bluu "ya kusoma kabla ya lini". Sijaona stesheneri nyingine yenye hiyo safu. Yeye anawauliza ma-CR kabisa, hii inasomwa lini? Wasipojua anawarudisha wakaulize. Kwa hiyo wewe ukija kuchukua hendauti yako unaona kwamba hii ya Jumanne ilitakiwa uwe umeshaisoma Jumanne, na leo ni Alhamisi. Hivyo ndivyo nilivyojua. Nilikuwa nanunua hendauti naziweka kitandani kama mtu anayekusanya kuni, nikaja nikaona ile safu nikaanza kuzisoma kwa tarehe.

Tena lile daftari liliniokoa test ya kwanza. Nilikuwa na kitochi, sina WhatsApp, na matangazo yote yako kwenye grupu la WhatsApp. Ukumbi wa test ukabadilishwa usiku, asubuhi mi nimepita mwembeni kununua peni nikakuta mtu ameandika pembeni ya ile kozi kwa herufi kubwa UKUMBI UMEBADILIKA. Nilikimbia. Nilifika wanagawa karatasi. Kuna wenzangu wawili waliokwenda ukumbi wa zamani, na kosiweki, yaani test na asaimenti za semista, ni 40 nzima, yuii, mtihani wa mwisho, ni 60, ukipoteza test moja unaanza kuhesabu kwa uchungu. Wote wawili walikuwa na matokeo mazuri kuliko mimi fomu siksi, sikuweza kuwaangalia usoni ile wiki. Nawaambia hivi kwa sababu wengi tunakuja tukijua div one inatosha kutubeba, na kilichowaponza wale ni bando tu.

Referensi nayo. Ukutani juu ya kompyuta ya kwanza amebandika karatasi iliyolaminetiwa inaonyesha referensi ya APA, mwandishi, mwaka kwenye mabano, jina la kitabu kwa herufi za kulala, mchapishaji, na chini yake mfano wa makala ya jarida na mfano wa tovuti. Yeye mwenyewe hajasoma chuo, alinitajia siku moja kwamba aliishia sekondari tu, lakini amekaa na kazi za wanafunzi miaka mingi na anajua kosa ukurasa ukiwa bado unatoka kwenye printa. Aliniuliza hii sentensi umeitoa wapi? Nikamwambia kwenye kitabu. Mbona hujamtaja mwenye kitabu? Nikasema shuleni hatukuwa tunataja. Ni kweli, hatukuwa tunataja, insha nzuri ilikuwa ile inayofanana na notisi za mwalimu. Nikarudi laibrari na kurasa zangu, nikaweka majina na miaka yote, na asaimenti ile ilirudi na 14 kwa 20 na lekcha ameandika pembeni good referencing. Ile karatasi ninayo hadi leo.

Kuhusu hela. Boom, hela ya kujikimu ya mkopo, ni 10,000 kwa siku na inaingia kwa mkupuo wa siku nyingi, yaani unaamka asubuhi una laki sita ambayo hujawahi kuishika maishani, na wiki tatu baadaye unaamka huna nauli. Fasti yia pia boom yetu ya kwanza ilichelewa kidogo maana lazima usajiliwe kwanza ndo usaini. Mamdogo ana daftari la pili, la madeni, mwisho 5,000 kwa mtu, anakuandika jina na namba ya usajili, hakudai mpaka boom itoke, na hakutaji mbele za watu. Nilikopa 4,700. Alinishauri pia ile hela ya vitabu na viandikwa ambayo bodi ya mikopo wanatoa, 200,000 kwa mwaka, niitenge pembeni kabla sijanunua chochote, wengine wanainunulia simu na nguo halafu mwezi wa pili wanaomba kushea hendauti. Mimi nilitoa 60,000 nikampa anitunzie, akawa anakata kila nikija na ananiandikia kwenye kikaratasi salio. Ilifika hadi wiki ya yuii. Sio benki, najua, na simshauri mtu ampe mfanyabiashara yeyote hela zake hivyo hivyo, nasema tu kwangu ilivyokuwa.

Malalamiko yangu sasa.

Kuprinti rangi usijaribu, picha zinatoka za kijani. Ramani zangu za jiografia nilirudia mara mbili, akanirudishia hela ya mara ya kwanza lakini muda haukurudi. Spairo za pale zinafunguka ukibeba kwenye begi, kwa ripoti ya fildi, yale mafunzo kwa vitendo, nenda kabaindi sehemu nyingine. Flashi yako iskani kabla na baada, kompyuta ya tatu ina vairasi vya shotikati, folda zote zinageuka vidude vidogo, na fasti yia asiyejua anadhani kazi imefutika. Haijafutika, imefichwa, mwambie Mamdogo, usiformati. Wiki ya mwisho wa kukusanya kazi foleni inafika barabarani, na luku ikiisha katikati kila mtu anasubiri.

Na sasa ile nyota ya tano. Kuanzia saa kumi na mbili jioni anakaa kijana wake, Mamdogo anakwenda nyumbani. Yule kijana alikuwa na folda ya asaimenti za mwaka jana na juzi, anakuita pembeni anakuuliza kozi gani, 2,000, unabadilisha jina na namba ya usajili basi. Watu wa darasa langu walinunua. Lekcha akasimama na karatasi mbili mkononi, zote mbili zina kosa moja la herufi mstari ule ule, na moja ni ya mwaka jana. Waliokamatwa walipata sifuri, na mmoja wao nilikuwa nakaa naye chumba kimoja, alikuja chuo bila kujua kuwasha kompyuta kama mimi, ila yeye siku ya kwanza alifika jioni. Hilo ndo linaloniumiza. Tofauti yangu na yake ni saa tu aliyofika dukani.

Nilikaa nalo wiki nzima halafu nikamwambia Mamdogo. Niliogopa, maana ni ndugu yake. Hakubisha. Aliniuliza tu jina la folda. Kesho yake nilikuta ameshaifuta na kijana ameambiwa jioni ni kopi na kuprinti tu, kompyuta za wateja zinazimwa saa kumi na mbili. Kijana bado yupo, hajawahi kunisalimia tena, na sijui kama flashi yake mwenyewe bado inazo. Ndio maana nyota nne. Mtu anayewafundisha watoto wa watu kukaa wenyewe kwenye kibodi mchana hakutakiwa kuacha mlango wazi usiku, na nimemwambia hivyo hivyo kwa heshima, akasema ni kweli mwanangu.

Mwaka huu mdogo wangu amemaliza fomu siksi, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na safari hii kijana wa kule nyumbani hatumpi kitu. Nimempigia simu nimemwelekeza atengeneze imeili yake mwenyewe, aweke laini iliyosajiliwa kwa jina lake, aandike namba ileile ya fomu foo aliyofanyia mtihani, na paswedi asinitajie hata mimi. Alikwama kwenye kuskani fomu ya mkopo baada ya mwenyekiti wa mtaa kugonga muhuri, nikamuuliza Mamdogo, Mamdogo akachukua simu yangu akaongea naye nusu saa nzima huku anatoa kopi za watu, bando na muda vyote vyake, mwisho akanirudishia simu akasema huyu ameelewa.

Kwa mnaokuja: duka linafunguliwa saa moja asubuhi, Jumapili baada ya misa ya pili. Njoo kabla ya saa nne maana ma-CR wanaanza kuleta hendauti muda huo na foleni inajaa. Ukija kutoa kopi simama upande wa mashine, ukija kuandika mwenyewe usisimame kwenye foleni, pita moja kwa moja hadi benchi la ukutani, mwamkie, mwambie ni mara yako ya kwanza, na omba kompyuta ya pili.